Aina Chache, Mkono Hodari: Kushonea Maonyesho ya Msimu

Washonaji wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya maonyesho ya kazi za mikono, na nitaanza na uamuzi unaotangulia cherehani: meza yako itabeba aina ngapi za vitu?

Nasema tatu, zisizidi nne. Najua inauma, maana mwenye kipaji hutamani kuonyesha kila anachokiweza. Lakini ukishona mkoba mmoja, mwanasesere mmoja, foronya moja, kila kimoja unakianza upya: kiolezo kipya, uzi mwingine, cherehani irekebishwe tena. Shona mikoba ishirini ya namna moja, uone ule wa kumi unavyotoka safi kuliko wa kwanza, tena kwa muda mfupi zaidi.

Kazi ya wingi ina mwendo wake. Siku ya kukata, kata tu. Ukikaa kwenye cherehani, usikate uzi kila umalizapo kipande. Ingiza kinachofuata chini ya mguu wa cherehani, vitoke vikifuatana vimeshikwa na uzi, uvitenganishe kwa mkasi mwishoni. Sindano namba 80 inatosha pamba ya kawaida, 90 au 100 kwa kitambaa kizito. Ibadilishe baada ya saa nane hivi za kushona, hata kama haijavunjika.

Sasa kitambaa chenyewe. Kifue kabla ya kukata, nakusihi. Pamba ambayo haijafuliwa mara nyingi hurudi, yaani hupungua, kwa asilimia 3 hadi 5, sawa na sentimita tatu hadi tano katika kila mita, ilhali bitana ya polista karibu hairudi kabisa. Mnunuzi atakapoufua mkoba wako, nje itarudi, ndani itabaki vilevile, na mkoba utajikunja usitengenezeke tena. Wakati huo wewe haupo. Lipo jina lako tu kwenye lebo. Kwa hiyo fua kitambaa kwa namna ileile mnunuzi atakavyofua, kipige pasi, ndipo uchore kwa chaki. Mikanda ya mkoba ikate kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, sambamba na ukingo wa jora, kwa kuwa nyuzi hizo ndizo zinazovutika kidogo. Mkanda uliokatwa mshazari utarefuka kwa uzito wa mzigo.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye vishikio vya sufuria, maana kila maonyesho huwa navyo na wengi hatuviangalii ndani. Polista huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 250 hadi 260 za Selsiasi, na hulainika mapema kabla ya hapo. Kishikio kilichojazwa sufi ya polista kinaweza kupendeza mezani kisha kikamwunguza mtu mbele ya oveni. Pamba haiyeyuki. Tumieni pamba nje na pamba ndani, matabaka mawili ya kujazia, na uzi wa pamba pia. Kisha andikeni kwenye kikaratasi chake kwamba kitumike kikiwa kikavu, kwa sababu maji hupitisha joto haraka hadi mkononi. Hakuna mnunuzi atakayekichana kutazama ndani, na ndiyo sababu nasisitiza.

Wanasesere wanataka uangalifu uleule. Macho ya vifungo yanavutia, lakini kifungo hung'oka na mtoto hukitia mdomoni. Viwango vya usalama wa vifaa vya kuchezea hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu kinachoingia chote humo hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3. Darizi macho kwa uzi. Fupisha mshono hadi milimita 2 au chini kidogo, badala ya 2.5 tuliyoizoea, na uupitie mara mbili, maana kinachojazwa kinasukuma mishono kutoka ndani. Kwenye sehemu zilizopinda chanja kingo kwa ncha ya mkasi bila kugusa mshono, la sivyo umbo litakunjamana ukiligeuza. Tundu la kujazia lifunge kwa mshono wa siri, usioonekana nje, uzi mara mbili.

Tumalizie bei, ambapo naona washonaji hodari wakijidhulumu. Shona kitu kimoja huku umeweka saa, kuanzia kukata hadi kufunga lebo. Pasi nayo ihesabiwe. Jumlisha vifaa, saa zako kwa ujira unaoukubali, na mgawo wa ada ya meza. Hiyo ndiyo bei. Ukiona haitabebeka, usianze kwa kukata ujira wako, wala usiondoe ule mshono wa pili. Badilisha ubunifu: weka kifungo mahali pa zipu, punguza mfuko wa ndani, nyoosha kona iliyokula muda. Na kama bado haishuki, kitu hicho si cha meza hii. Kishonee anayekiagiza, aliyekubali bei yake kabla hujashika mkasi.

Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kununua jora. Nimeleta vishikio viwili ambavyo upande mmoja sikuufunga, vipitisheni mguse matabaka, kisha tuanze maswali.