Nguo ya Taa Ni Nguo Kwanza

Haya jamani, mliokosa viti kaeni hata juu ya meza huko nyuma, leo hatuna mbwembwe. Nimeombwa niongee na nyie mnaoanza miradi ya nguo zenye elektroniki, yaani magauni ya taa, makoti, mabegi yanayowaka na kadhalika. Nimechungulia orodha za vikundi vyenu nikaona karibu kila kikundi anayejua programu ndo kiongozi, na yule anayejua cherehani kaandikwa mwisho kabisa, "msaidizi". Mi naomba mpindue hiyo orodha, na muda wote niliopewa nitautumia kuwaambia kwa nini.

Historia kidogo, maana kuna watu wanadhani haya mambo yameanzia TikTok. Mwaka 1883 kule New York, Alice Vanderbilt, mke wa tajiri mmoja, alienda kwenye sherehe na gauni lililoshonwa Paris na nyumba ya mitindo ya Worth, mkononi kashika mwenge wa taa ya umeme na betri zimefichwa humohumo ndani ya gauni, na hapo kituo cha kwanza cha Edison cha kusambaza umeme mjini kilikuwa hakijatimiza hata mwaka. 1956 dada mmoja msanii wa Japani, Atsuko Tanaka, akajivika balbu za rangi mwili mzima, nguo ya umeme kwelikweli, mimi nikiitazama picha yake nasikia joto kwa niaba yake.

Ila inayotuhusu sisi zaidi ni ya Leah Buechley. Alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, akaja na saketi ya kushonwa, ikaanza kuuzwa 2007 kwa jina la LilyPad Arduino kupitia kampuni ya SparkFun. Ni kibao cha duara, upana kama sentimita 5, rangi ya zambarau, na pembeni kimezungukwa na matundu makubwa ambayo unapitisha sindano na uzi unaopitisha umeme. Chipu yake ni ya familia ileile ya Arduino ya kawaida mnayoijua, kile kibao kidogo cha elektroniki unachokiandikia programu. Kilichobadilika ni kwamba badala ya kuunga waya kwa kuchomea risasi unashona, basi. Sasa sikilizeni: 2010 yeye na mwenzie Benjamin Mako Hill wakapitia miradi ambayo watu walikuwa wameitangaza wenyewe, wakakuta ile ya LilyPad karibu asilimia 65 imefanywa na wanawake, wakati ile ya Arduino ya kawaida wanawake ni kama asilimia 2. Kwa hiyo mtu akikwambia wasichana hawapendi elektroniki muulize ni elektroniki gani hiyo unayoisema kaka.

Moja ya vitu alivyoonyesha Leah ni koti la mwendesha baiskeli, mgongoni lina mishale ya taa, kwenye mikono lina vitufe, unabonyeza kulia mshale wa kulia unawaka. Naona vikundi kadhaa mmeandika "koti la bodaboda lenye indiketa". Sawa, ila pikipiki tayari ina indiketa zake, tatizo ni dereva haziwashi, we unadhani ya mgongoni ndo ataiwasha? Afadhali mfikirie mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda shule, barabara giza na hana taa yoyote mwilini. Na hata hapo muwe wakweli, ule mkanda wa rifleta unafanya kazi nzuri sana mbele ya taa za gari, hauna betri na unafuliwa. Taa yenu ishinde rifleta kwenye kitu fulani, mfano pale ambapo kinachokuja ni baiskeli isiyo na taa, la sivyo mnapamba tu. Kupamba siyo dhambi lakini, ila andikeni kwamba mnapamba.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Uzi wa chuma siyo waya. Waya wa shaba mfupi ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme, unausahau, ila uzi wa chuma cha pua mita moja tu unaweza kukupa makumi ya ohm. Tuseme ni ohm 60, unapitisha miliampea 20, tayari umepoteza volti 1.2 njiani, na betri yako ile bapa ya duara, CR2032, ni ya volti 3 tu. Ndo maana mtu anashona taa tano kuzunguka kola, ya kwanza karibu na betri inang'aa, ya pili hivyohivyo, ya tano imekufa, anaanza kuilaumu taa. Taa haina kosa. Weka betri katikati njia zigawanyike kushoto na kulia, au pitisha uzi mara mbili.

Halafu lingine linalowatesa wengi, kuchanganya rangi. LED, yaani hizi taa ndogo tunazoshona, nyekundu inataka kama volti 2, bluu na nyeupe zinataka karibu 3. Ukiziunga sambamba kwenye betri moja ndogo, nyekundu inavuta umeme, volti ya wote inashuka, bluu haiwaki au inawaka kwa shida, ukiing'oa nyekundu bluu inafufuka hapohapo. Kila nyekundu ipewe rizista yake, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, mchezo umeisha.

Sasa geuza nguo utazame nyuma. Hapa ndo fundi cherehani anapojulikana. Mtu wa programu anafunga fundo, anaacha mkia wa uzi unaning'inia sentimita mbili kwa sababu hauonekani kwa nje, mvaaji akiinama mikia miwili inagusana, shoti, betri inapata moto na taa zote kwisha. Fundi hawezi kuacha mkia, mikono yake haimruhusu. Anakata karibu, na we juu ya fundo unapaka tone la rangi ya kucha lisifumuke. Fundi ndo anajua pia kwamba kiwiko kinakunjwa kutwa nzima kwa hiyo hupitishi njia pale, na kwamba kitambaa kinachovutika kitakata mshono ulionyooka, unashona zigizaga. Haya hakuna programu itakayokufundisha.

Betri moja ya hizo ina kama miliampea-saa 220. Taa tano za miliampea 5 kila moja ni 25, kwa hesabu ya karatasi saa nane na ushee, kwa uhalisia pungufu maana mwanga unafifia taratibu. Send-off inatosha, harusi ya kukesha beba ya akiba. Na kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu, hizi betri mtoto akimeza zinachoma koo ndani ya masaa machache, sitanii. Zile za lithiamu za kuchaji msizisogeze karibu na sindano kabisa.

Maswali. Dada kauliza kuhusu kufua: toa betri, fua kwa mkono bila kusokota, anika mpaka ikauke kabisa ndo urudishe betri. Uzi uliopakwa fedha utafubaa kwa jasho na joto letu hili, wa chuma cha pua unavumilia zaidi.

Kaka huyu kauliza uzi unapatikana wapi maana Kariakoo kauliza wakamcheka. Nyuzi nyingi za dhahabu za madukani ni plastiki iliyopakwa rangi, ukiweka mita ya kupimia umeme haisemi kitu, ila usiamini macho, beba mita ujaribu. Kule MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, miaka ya tisini walitumia kitambaa cha hariri cha India chenye nyuzi za metali, na kilipitisha umeme vizuri tu. Bila hivyo chukua waya wa earphone zilizokufa, ndani kuna nyuzi nyembamba za shaba zina rangi nyekundu, kijani. Hiyo rangi ni vanishi, lazima uichome kidogo kwenye ncha na kukwangua ndo umeme upite. Inashoneka, unailaza juu ya kitambaa na kuikamata kwa uzi wa kawaida. Mita ziko mbili tu hapo mezani, pokezaneni.