Sekunde 56 za Sakina

NEEMA: Karibuni. Mangi, leo salamu zikae pembeni. Nina mechi yangu.

MANGI: Nimesikia. Mtaa mzima wa Sakina hapa Arusha umesikia.

NEEMA: Basi na Moshi wasikie. Jumamosi jioni, kibanda cha PS, yaani PlayStation, nusu fainali ya ligi yetu ya mtaa, gemu la mpira la FIFA 23. Mimi Dortmund, kijana wa Kijenge Real Madrid. Naongoza 2-1, dakika ya 83, mpira ninao mimi. Umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, mwenye ligi akasema tuanze upya, sifuri kwa sifuri. Nikatolewa.

MANGI: Pole sana. Ila alisema sawasawa.

NEEMA: Ngoja kwanza, tusije tukasahau ratiba. Leo tuna matatu: PS4 iliyozimika ghafla, LocalSend ya kurushiana mafaili bila bando, na namna ya kuhifadhi gemu za PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, kwenye simu. La kwanza nimeliona kwa macho. Umeme uliporudi ile PS4 iliwaka, ikakagua diski, halafu gemu likagoma kufunguka. Waambie watu.

MANGI: Msikimbilie kwa fundi. Izime kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachie: utasikia mlio wa kwanza, endelea kushikilia mpaka wa pili, kama sekunde 7 hivi. Unganisha pedi kwa waya wa USB, maana bila waya hapo haisomi. Itakuja orodha. Chagua namba 5, imeandikwa Rebuild Database. Hiyo haifuti gemu zako, inapanga upya tu orodha ya vilivyomo kwenye diski. Namba 6 na 7 msiziguse jamani! Hizo zinasafisha kila kitu, na mtu akishuka mstari mmoja tu bila kusoma, ligi ya msimu mzima imekwenda.

NEEMA: Na UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika?

MANGI: Ndogo ya 650VA inabeba PS4 na TV ya inchi 32 kwa dakika chache. Angalia umri wa betri, zile za madini ya risasi huchoka baada ya miaka michache hata kama kiboksi kinang'aa. Na chomeka vyote viwili. Wengine wanachomeka PS peke yake, TV inazimika, gemu linaendelea gizani.

NEEMA: Dakika chache! Mimi sikuhitaji hata dakika moja. Kila kipindi tuliweka dakika 6. Maana yake dakika 45 za kwenye skrini zinapita kwa dakika 6 za saa ya ukutani. Zilibaki 7. Piga hesabu: sekunde 56.

MANGI: Na nyongeza.

NEEMA: Na nyongeza, sawa. Sekunde 56 na nyongeza, unanirudisha mwanzo?

MANGI: Ndiyo. Soma sheria ya 7 ya mpira wa miguu. Mechi iliyovunjika inarudiwa.

NEEMA: Endelea, usiishie hapo. Inarudiwa isipokuwa kanuni za mashindano ziseme vingine, au waandaaji waamue vingine.

MANGI: Na mwandaaji ameamua! Chukua Luton na Bournemouth, Ligi Kuu ya England, Desemba 2023. Nahodha wa Luton, Tom Lockyer, moyo ulisimama uwanjani, mechi ikavunjika 1-1. Ilirudiwa yote Machi 2024. Luton wakaongoza 3-0 mpaka mapumziko, Bournemouth wakashinda 4-3.

NEEMA: Mimi nakupa Real Madrid na Real Sociedad, Desemba 2004. Kitisho cha bomu, uwanja ukahamwa dakika za mwisho, 1-1. Januari 2005 walirudi kucheza dakika zilizobaki tu. Zidane akafunga penalti, 2-1. Hakuna aliyeanza upya.

MANGI: Madrid walirudi na kocha mpya, Luxemburgo. Hiyo ni mechi ile ile?

NEEMA: Ni ile ile, na matokeo yaliheshimiwa. Halafu mfano wako ulikuwa sare, hakuna aliyenyang'anywa uongozi.

MANGI: Na wako pia ulikuwa sare, dadaangu.

NEEMA: Basi tucheze zilizobaki, ndilo nililoomba. Fungueni mechi mpya, tupigiane pasi nyuma mpaka dakika ya 83, halafu tuanze, goli zangu 2, yake 1.

MANGI: Hapo ndipo nakukatalia. Dakika ya 83 beki wako walikuwa hoi, pumzi imebaki kidogo. Kijana alikuwa ameingiza mawinga wapya wawili, ulinieleza mwenyewe. Mkipigiana pasi nyuma hakuna anayechoka. Unampa Dortmund mpya kabisa ilinde goli moja. Ile faida aliyojijengea kwa kubadilisha wachezaji imekwenda.

NEEMA: Naye abadilishe tena wale wale.

MANGI: Mabeki wako watachoka vipi?

NEEMA: Na goli zangu zitarudi vipi? Pumzi ni ya kwenye skrini, Mangi. Goli nilizifunga mimi, kwa vidole hivi.

MANGI: Pumzi nayo aliitafuta kwa vidole, alikukimbiza nusu saa ya skrini nzima. Mimi sikubali.

NEEMA: Na mimi sikubali. Mwenye ligi angeandika kanuni ukutani kabla ya kuchukua kiingilio, tusingefika hapa.

MANGI: Hilo la kuandika sawa. Lakini angeandika nini?

NEEMA: Kwamba zilizobaki zinachezwa!

MANGI: Kwamba inarudiwa! Neema, tumebakiwa na dakika moja.

NEEMA: Nyingi hiyo, inazidi sekunde 56.

MANGI: Haya, haraka. LocalSend: ni ya bure, simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja, faili linapita bila intaneti. Ya PPSSPP...

NEEMA: PPSSPP hatuiwezi leo, ina mambo mengi, tutawachanganya watu. Wiki ijayo. Tuandikieni: umeme umekatika dakika ya 83, mnaongozwa au mnaongoza, mnafanyaje?

MANGI: Na mseme mlikuwa mmeingiza mawinga wapya au la.

NEEMA: Mangi, usiwapangie jibu!