Usilirudishe Gurudumu Kavu
(Mhadhara kwa waendesha bodaboda na wenye pikipiki, Malindi)

Wazee wangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliobaki mlangoni kuchunga pikipiki zenu, salaam alaykum na hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya kubadilisha tairi nyumbani. Nitasema, ila tairi ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ya tairi la nyuma ni kulitoa gurudumu: kulegeza nati, kufungua breki, kushusha cheni, kuing'oa ekseli iliyoshikwa na kutu. Ukishafika hapo jasho la kazi tatu limeshatoka, na wengi wetu tunafanya moja. Tunavisha raba mpya, tunaondoka. Kulisawazisha gurudumu tunaambiwa ni mambo ya magari. Na meno yanayolizungusha hata hatuyaangalii. Mimi leo nimekuja kuzitetea hizo kazi mbili yatima.

Lakini tuanze na raba yenyewe. Kabla hujatoa pesa dukani, tafuta ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Ukisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoning'inia nje ya duka likipigwa na jua letu na upepo wa bahari litakuonyesha michoro mipya kabisa, na raba imeshakauka. Likunje kwa vidole viwili. Ukiona nyufa nyembamba, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei. Akikupunguzia sana, ndiyo urudishe haraka.

Kulitoa la zamani, toa kwanza kijiti cha ndani ya valvu, hewa iishe yote. Mdomo wa tairi utakuwa umeganda kwenye rimu. Wacha nyundo. Laza gurudumu chini, weka stendi ya pembeni ya pikipiki ya jirani juu ya raba, karibu na ukingo wa rimu, kisha mwegemeze jirani na pikipiki yake taratibu. Mdomo unashuka wenyewe.

Sasa hapa ndipo watu wanapovunja vyuma na vidole. Ndani ya mdomo wa tairi mna waya wa chuma, na waya huo hautanuki hata uite mtaa mzima wa Maweni uje kuvuta. Kinachokusaidia ni lile bonde la katikati ya rimu. Unaponyanyua mdomo upande huu, upande wa pili lazima uwe umelala bondeni. Uukandamize kwa goti na usiondoe goti. Unapotoa, anza penye valvu. Unapovisha, malizia penye valvu, kwa sababu pale tyubu na shina lake vimeziba bonde na mdomo hauna pa kushukia. Nyanyua kidogo kidogo, vidole viwili kwa safari moja. Ukiona unatumia nguvu nyingi, usiongeze nguvu: angalia goti lako liko wapi.

Sabuni ya maji iwe nyingi, na maji yake yawe ya mvua au ya mfereji. Visima vingi vya pwani hii ni vya chumvi, na chumvi ikibaki ndani ya rimu ya chuma italila rimu kimya kimya chini ya tyubu. Kabla ya kuingiza tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi zima. Nimesema kitambaa, si kiganja. Mwiba wa mathenge uliopanda njia ya Garsen unanasa kitambaa vizuri tu. Hakikisha ile kanda ya mpira inafunika vichwa vya spoki, paka poda, tia tyubu hewa kidogo ipate umbo, na mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia.

Ukijaza, tazama ule mstari mwembamba ubavuni unaoizunguka rimu. Uwe umbali mmoja kote. Ukizama mahali, toa hewa, rudia sabuni, jaza tena. Usiendelee kusukuma hewa kupita kipimo kilichoandikwa kwenye tairi ukitumaini litaruka lenyewe. Rimu ikipasuka haichagui uso wa nani. Nati ndogo ya valvu usiikaze hadi kwenye rimu, iache juu. Tyubu ikiteleza, valvu italala upande nawe utaiona. Ukiikaza, hutaona kitu mpaka shina likatike.

Tuje kwenye kusawazisha, yaani kuufanya uzito wa gurudumu ulingane pande zote. Kijana mmoja ameniuliza pale nje: gramu 20 zilizozidi upande mmoja ni za nini, na mimi nabeba magunia mawili ya viazi? Swali zuri, tulifanyie hesabu. Chukua rimu ya inchi 17, upande mmoja umezidi gramu 20, nawe uko barabara ya Mombasa, umeshapita Gede, mwendo kilomita 90 kwa saa. Gurudumu linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Zile gramu 20 sasa zinavuta kwa nguvu ya kilo tatu na zaidi, mara 14 kwa sekunde, juu na chini, juu na chini. Magunia yako yametulia, hizi hazitulii. Zinapiga beringi, zinalegeza spoki, na mikono yako inakufa ganzi kabla hujafika Kilifi. Ukipunguza mwendo hadi 45, nguvu ile inashuka hadi robo yake. Kwa hiyo anayezungukia mjini tu, kutoka Shela hadi sokoni na kurudi, simlaumu akiacha. Anayepeleka abiria Watamu au Mombasa, namlaumu.

Mashine haihitajiki. Pitisha ekseli ndani ya gurudumu, ncha zake ziegemee viti viwili vya urefu mmoja, gurudumu lining'inie huru. Lisukume taratibu uliache. Upande mzito utateremka chini. Tia alama ya chaki upande wa juu kabisa, ndio mwepesi. Hapo zungushia spoki waya wa risasi ule wa mafundi redio, au kwa rimu isiyo na spoki bandika uzito wa gundi baada ya kuisafisha kwa spiriti. Jaribu tena. Ukiweza kulisimamisha gurudumu popote likakaa hapo hapo, umemaliza. Matairi mengine yana doa la rangi ubavuni kuonyesha upande mwepesi. Ukilivisha doa likakaa penye valvu, ambayo ni nzito, utakuta nusu ya kazi imeshafanyika.

Sasa meno. Mafundi huyaita splaini. Ni mifereji iliyochongwa kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka, ikaingia kwenye mifereji ya mwenzake, moja ikamzungusha mwingine. Kwenye Boxer na TVS zetu iko chini ya kifuniko cha kushoto, pale sproketi ndogo, ile inayovuta cheni, inapokaa kwenye shafti ya gia. Kwenye pikipiki zisizo na cheni, kama zile Moto Guzzi ambazo Waitaliano wanazipenda, au BMW ambazo zimetumia shafti tangu R32 ya mwaka 1923, injini inalifikia gurudumu la nyuma kwa meno haya, na kwa nyingi za shafti gurudumu la nyuma lenyewe limepachikwa juu yake. Adui yake ni mtikisiko mdogo. Chuma na chuma vinasuguana kwa unywele mmoja, maelfu ya mara, grisi imekauka, na hewa ya bahari inamalizia. Fungua utakuta unga mwekundu kama hina iliyokauka. Huo si vumbi la Marafa, jamani. Ni chuma chako.

Safisha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, bonde moja moja. Petroli sitaki kuisikia, hasa kwa wavutaji. Kisha angalia umbo: jino zima lina kichwa bapa, lililokwisha limechongoka au limelalia upande mmoja. Yaliyochongoka hayaponi kwa grisi, badilisha kifaa chenyewe. Yaliyo mazima yapake grisi nyeusi yenye molibdenamu. Grisi ya kawaida hubanwa ikatoka, lakini molibdenamu hubaki imeshika chuma hata mafuta yakiondoka. Paka utando, usimimine. Ikizidi nyuma itarukia breki. Wenye pikipiki za shafti, fanyeni hivi kila mnapobadilisha tairi la nyuma. Wanaopita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, msingoje tairi liishe.

Kurudisha gurudumu nisingelisema sana isipokuwa jambo moja. Kwenye breki ya ngoma kuna chuma kirefu kinachoishika sahani ya breki isizunguke, kimefungwa kwa boliti na pini. Kikisahauliwa, siku ya kwanza utakapokanyaga breki kwa nguvu sahani itazunguka na gurudumu, fimbo ya breki itapinda, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa mwendoni. Kila nitakaposimamia kazi hii nitakishika chuma hicho kwa mkono kabla mtu hajapanda. Kisha alama za cheni zilingane kushoto na kulia, nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu, pini mpya.

Mzee wangu pale nyuma ameuliza kama mafuta ya nazi hayatoshi kuvishia tairi, maana ndiyo aliyoyazoea. Yataliingiza, mzee, tena kwa raha kuliko sabuni. Shida iko baada ya hapo: maji ya sabuni hukauka tairi likashika rimu, mafuta ya nazi hayakauki. Ukipiga breki tairi linateleza juu ya rimu, linaburuta tyubu, valvu inakatika. Hayo mafuta tuyaache jikoni.

Wa pili anataka kujua kama oili chafu ya injini inafaa kwa splaini. Inashinda kavu, kwa wiki moja au mbili, kisha inarushwa nje yote na kubeba mchanga njiani. Kopo dogo la grisi nyeusi, likigawanywa kwa chama kizima cha stendi, litawafikisha mbali. Aliye na gurudumu la shafti au sproketi ndogo iliyokwisha kutolewa alete hapa mbele, tuyaangalie meno yake.