Kitatange mfalme: mtambue kwa shavu kabla ya rangi

Samaki huyu unayemwona hapa kwenye video, wa buluu mwenye mistari ya manjano iliyolala ubavuni, kwa jina la kisayansi ni Pomacanthus imperator. Mimi namwita kitatange mfalme, maana kitatange peke yake huitwa samaki wengi bapa wa rangirangi. Anaishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Shamu, Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Hatua ya kwanza: rangi iache. Najua ndiyo inayovuta macho, lakini ndiyo inayopoteza watu wengi. Tazama shavu. Ngoja nikuze picha. Umeona pale kwenye pembe ya chini? Kuna mwiba umechomoza kuelekea nyuma. Samaki-kipepeo naye ni bapa, naye ana rangi, na makazi yao ni yaleyale, ila yeye mwiba huo hana.

Ukishauona mwiba, nenda usoni. Kinyago cheusi kimekatiza machoni, kimetiwa nakshi ya buluu inayong'aa. Mdomo ni mweupe wa kijivujivu, mkia manjano. Mkubwa hufikia sentimita 40.

Mistari usiihesabu. Mwaka 1995 watafiti wa Japani, Shigeru Kondo na Rihito Asai, walionyesha katika jarida la sayansi la Nature kwamba samaki huyu anapokua, mistari haitanuki pamoja na mwili. Mstari hugawanyika, pale ulipogawanyika husogea taratibu, mwishowe unakuwa miwili. Kwa hiyo samaki yuleyule ukimpiga picha leo, baada ya miezi kadhaa idadi inaweza kuwa nyingine.

Sasa mtoto wake. Simamisha video hapa umtazame vizuri. Hana manjano hata kidogo! Ni buluu iliyokoza karibu na weusi, na miduara myeupe ndani ya miduara, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Zamani wataalamu walimpa jina lake mbali, wakidhani ni samaki mwingine kabisa, na siwalaumu.

Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu mtoto wa Pomacanthus semicirculatus, kitatange mwingine wa jamii hiyohiyo, anafanana naye mno. Fuata mistari myeupe hadi karibu na mkia. Ikijifunga ikawa duara kamili, ni mfalme. Ikibaki imepinda kama mwezi mwandamo, bila kufunga, ni yule mwingine. Ukimkuta wa umri wa katikati, miduara inafifia huku manjano yanachomoza, rudi kwenye shavu na uso.

La mwisho ni la masikio. Ukiwa majini, mkaribie mkubwa polepole, mikono umeikunja. Akikereka hutoa mlio mzito, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Ukiusikia, rudi nyuma kidogo, utulie. Mara nyingi atageuka ubavu akutazame, na hapo ndipo upige picha ya shavu.