Injini Isiyo na Maji: Kuitambua na Kuitunza Volkswagen ya Zamani

BINTI: Hamjambo wasikilizaji, wa kisiwani na wa ng'ambo zote, Likoni, Nyali, Changamwe. Leo tumefungua boneti la nyuma. Tunazungumzia Volkswagen Beetle, injini ya silinda nne zilizolala, inayopozwa kwa upepo. Ami, tuanzie wapi?

AMI: Tuanze na kuijua, mwanangu. Magari haya yameshabadilishwa injini mara nyingi. Kitabu cha gari kinaandika 1300, yaani ukubwa wa injini kwa cc, ukifungua unakuta 1600. Ukinunua spea kwa kufuata kitabu, pesa imepotea. Tazama chini ya kile kiti kinachobeba dinamo, pale nusu mbili za bloku zinapokutana. Hapo pamegongwa herufi na namba.

BINTI: Na pasugueni kwa mafuta ya taa na brashi laini. Msasa usiguse! Bloku ni ya magnesi, laini, na namba imegongwa juu juu. Ukishaifuta, umeifuta.

AMI: Naam. D ni 1200 ya nguvu farasi 34. F ni 1300, H ni 1500, zote za tundu moja la kuvuta hewa kila hedi, yaani kichwa cha silinda. AB ni 1300 ya matundu mawili, AD ni 1600 ya matundu mawili, na AS ni 1600 iliyokuja baadaye.

BINTI: Lakini herufi inakupa habari za bloku peke yake. Hedi na silinda zinaweza kuwa za injini nyingine kabisa. Kwa hivyo fuata bomba la manifoldi, linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda, mpaka linapoingia kwenye hedi. Likiingia moja kwa moja, ni tundu moja. Likiishia kwenye kipande cha aluminiamu kilichogawanyika njia mbili, chenye mpira wa kuungia, hayo ni matundu mawili.

AMI: Na hedi ikivuliwa, pima kipenyo cha silinda. Milimita 85.5 ni 1600, 83 ni 1500. Ukipata 77 usikimbilie kusema, kwa sababu 1200 na 1300 zote ni 77. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni: 1200 ni milimita 64, hizo nyingine zote ni 69.

BINTI: Sasa matunzo. Injini hii maji yake ni upepo na oili, na oili yenyewe ni lita 2.5 tu. Haina filta ya karatasi, ina chujio la waya. Kwa joto letu la kaskazi, badilisheni kila kilomita 5,000, na ukichelewa utajionea mwenyewe rangi yake.

AMI: Tumia oili ya SAE 30 au 20W-50. Imwage ingali ya moto. Kile kibamba cha duara chini kina nati 6, spana namba 10. Toa chujio, lioshe kwa petroli, weka gasketi 2 mpya za karatasi, moja juu ya chujio na moja chini yake, na washa, zile pete za chini ya nati, mpya za shaba. Kaza kwa Nm 7, nguvu ndogo, basi. Watu hukaza kwa hasira, stadi, yaani ule msumari wa nyuzi unaoshika nati, inang'oka kwenye magnesi, halafu oili inavuja daima.

BINTI: Kabla hujaosha, lichungulie chujio juani. Vumbi jeusi si neno. Vipande vinavyometameta, pitisha sumaku: vikinata ni chuma, visiponata huenda beringi inakwisha.

AMI: Tuje kwenye tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya skrubu na valvu, maana hapo ndipo injini nyingi zinapokufa.

BINTI: Hapo tusipite mbio. Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku mzima. Vua kifuniko cha distributa, inayogawa umeme wa plagi, zungusha puli ya chini mpaka rota, ile inayozunguka ndani yake, ielekee mkato mdogo ulio ukingoni, na alama ya puli ikae sawa na mstari wa bloku. Hiyo ni silinda ya kwanza.

AMI: Ya kwanza iko kulia, upande wa giaboksi. Ya pili nyuma yake. Ya tatu kushoto upande wa giaboksi, ya nne nyuma yake. Kulia na kushoto ukiwa umekaa kwenye gari unatazama mbele.

BINTI: Sukuma ule waya wa kifuniko cha valvu kwa bisibisi, uteremke. Kila hedi, valvu za katikati ni za kuvuta, za pembeni ni za ekzosti, za kutoa moshi. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.15 ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Ikikaza au ikilegea, fungua nati namba 13, geuza skrubu, shika skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati, kisha upime tena. Nati ikikazwa skrubu nayo hufuata, ndiyo maana ya kupima mara ya pili.

AMI: Kisha geuza puli nusu mzunguko kinyume cha saa, ufanye ya pili. Nusu tena, ya tatu. Nusu tena, ya nne. Mpangilio wa mlipuko ni 1-4-3-2, kwa hivyo ukienda kinyume unapata 1-2-3-4.

BINTI: Sasa, Ami, kuna mafundi husema tapeti ikinyamaza ndiyo nzuri.

AMI: Hatari hiyo! Valvu ya ekzosti hutoa joto lake inapokaa kwenye kiti chake. Nafasi ikikwisha, haikai sawasawa, inaungua, shingo inarefuka, na siku moja kichwa kinakatika na kutoboa pistoni. Yenye mlio mdogo ina nafuu. Ile iliyonyamaza ghafla, ikague leo hii. Na silinda ya tatu uiangalie kwa jicho kali zaidi, kwa kuwa kwenye injini za kabla ya 1971 kipoza oili kinasimama ndani ya kasha la feni, kikiizuilia upepo silinda hiyo.

BINTI: Upepo nao una adui mwingine, mabati. Kila bati lililotolewa na kutupwa lilikuwa na kazi, hata vile vibati vidogo vya chini ya silinda. Bila hivyo, upepo unapita bila kuuzunguka upande wa chini. Na ule mpira unaozunguka ukingo wa chumba cha injini ukiliwa, hewa ya moto kutoka chini inarudi kuvutwa na feni.

AMI: Mkanda wa feni ushuke milimita 15 hivi ukiubonyeza kwa kidole gumba. Ukilegea, toa washa moja kati ya nusu mbili za puli ya dinamo, uihamishie nje chini ya nati, usiitupe. Na taa nyekundu ya dinamo ikiwaka njiani, simama hapo hapo, kwa sababu mkanda huo huo ndio unaozungusha feni.

BINTI: Na ukipanda mwinuko wa Mazeras, usiibane na gia ya nne. Shuka gia ya tatu. Injini ikizunguka kasi, feni nayo inavuma.

AMI: Mwisho, petroli. Shika kwa vidole ule mdomo wa chuma kwenye kabureta, unaochomekwa bomba la mpira. Ukizunguka au ukitoka, usiwashe gari. Badilisha mpira wowote wenye nyufa ukiukunja. Na mtungi wa poda wa kuzimia moto ukae karibu na kiti cha dereva, si nyuma kwenye injini. Maji usitumie, kwa sababu magnesi ikishika moto, maji yanauongeza.