Keria ya Pikipiki: Mnauliza Mikanda, Mimi Nauliza Soketi

Mabibi na mabwana, mafundi na wenye magari, asanteni kwa kufika. Sitaeleza keria ya pikipiki ni kitu gani. Mmeshaziona hapa Nakuru: reli ya chuma imelala mkingamo nyuma ya gari, shina lake limeingia kwenye soketi iliyofungwa chini ya bampa. Wala sitaeleza kwa nini mtu abebe pikipiki badala ya kuipanda. Kila mtu na safari zake.

Nitaanza pale ninapoanzia siku zote, na walionisikia zamani wanivumilie. Swali la kwanza huwa ni: nitumie mikanda gani? Mikanda tutaifikia. Lakini shina la keria likikatika, pikipiki inalala barabarani ikiwa imefungwa vizuri kabisa, mikanda imekaza kama ulivyoiacha. Utakuwa umeifunga pikipiki kwenye kitu ambacho chenyewe hakijafungwa.

Tupige hesabu. Pikipiki aina ya Boxer ya 150 ina uzito wa kama kilo 120. Keria ya chuma pamoja na ngazi yake ya kupandishia, weka kilo 35. Jumla 155, karibu magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Fundi akisikia hivyo anacheka: soketi yangu inavuta trela ya tani moja na nusu, magunia mawili yataifanya nini? Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kuvuta si kubeba. Trela ina magurudumu yake, na ndoano inabebeshwa kama sehemu moja tu ya kumi ya uzito. Keria haina gurudumu. Kilo zote zinaning'inia.

Najua kuna mtu hapo ameshakokotoa: sehemu ya kumi ya tani moja na nusu ni kilo 150, na keria ni 155, basi tofauti iko wapi? Tofauti ni umbali. Ule mpira wa chuma wa kuvutia trela uko kama sentimita 25 kutoka mdomo wa soketi. Katikati ya pikipiki iko sentimita 50, kwa sababu usukani na pedali ni lazima viache nafasi visigonge buti. Kilo 150 mara robo mita ni 37.5. Kilo 155 mara nusu mita ni 77.5. Wenzo umezidisha kazi mara mbili na uzito ni uleule. Na hiyo ni gari kubwa. Magari madogo mengi yameruhusiwa na watengenezaji wake kilo 75 hadi 100 tu za kukandamiza ndoano. Hapo, ukihesabu na umbali, unaizidi mara tatu hadi nne, na gari halitakwambia kitu siku ya kwanza.

Sasa ingieni ndani ya soketi. Shina likiingia sentimita 15, uzito ule unalifanya linyanyuke kwa ndani na kukandamiza kwa nje. Ncha ya ndani inasukuma juu kwa nguvu ya kilo 517, na mdomo wa chini unakandamizwa kwa 672. Hiyo ni gari ikiwa imesimama, dereva anakunywa chai. Lipitishe juu ya tuta bila kupunguza mwendo, nguvu hiyo inaweza kupanda mara mbili au tatu. Na kutoka hapa hadi Kisumu kupitia Salgaa, Londiani na Kericho, matuta ni mengi kuliko vibao vyake. Ingiza shina sentimita 20 badala ya 15, ile 517 inashuka hadi 388 hivi. Sentimita tano za bomba, basi, na bado watu wanazikata ili wabane gharama.

Mafundi, hapa ndipo ninapowalaumu, wa hapa na wa Kibuye kule Kisumu. Soketi ya kiwandani ina pete nene ya chuma imezungushwa mdomoni. Si urembo. Ni kwa sababu mdomo wa chini ndio unaokula ile 672. Ninyi mnakata bomba la mraba, mnalainisha kwa grainda, mnapaka rangi nyeusi, mmemaliza. Zungusheni bamba la milimita 10 mdomoni, upana wa milimita 25, lichomelewe pande zote. Bomba nalo: shina la milimita 50 liingie kwenye bomba la 60 kwa 60 lenye unene wa milimita 4. Ndani linabaki 52, nafasi ya milimita mbili. Mkitumia la unene wa milimita 3, ndani ni 54, na keria inacheza. Inayocheza haikandamizi tena, inagonga, na kugonga ndiko kunakopasua.

Tundu la pini litobolewe kwa drili. Tundu lililotobolewa kwa moto wa welding huwa la yai, na pini ya milimita 16 inatembea humo hadi klipu inakatika. Na hata tundu likiwa zuri, pini inazuia keria isichomoke tu, haizuii isitikisike. Kwa kutikisika funga bamba na U-bolti vinavyolibana shina na soketi pamoja, ukaze hadi ukiitingisha keria gari lote litingishike.

Kingine: soketi ifungwe kwenye reli za chesisi, zote mbili, kwa bolti ngumu za daraja la 8.8 zisizopungua M12, yaani unene wa milimita 12, zikazwe kwa spana ya kupimia hadi Nm (newton-mita) 80 hivi, na bamba la kuegemezea upande wa pili. Si kwenye bampa. Si kwenye sakafu ya buti. Kama gari halina chesisi ya kipekee, zipo sehemu zilizoimarishwa ambazo mtengenezaji ameziacha na matundu. Zitafute hizo.

Mtajuaje kama inaanza kupasuka? Kila kabla ya safari, piga brashi ya waya kwenye kona mbili za chini za mdomo na pale welding inapokutana na bomba. Ufa hauji na kishindo. Unakuja kama mstari mwembamba wa kutu unaochungulia kwenye rangi, urefu wa ukucha. Ukiuona, safari imekwisha. Usichomelee juu yake. Welding ya juu inaufunika ufa, na ufa unaendelea na kazi yake chini.

Nimechukua muda mrefu hapo, lakini bado kuna gari lenyewe. Pikipiki iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo inanyanyua pua. Chukua gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli, pikipiki ikiwa mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma. Magurudumu ya mbele yanapoteza kilo 92. Ya nyuma yanaongezewa 247, si 155. Halafu mnapakia abiria watatu viti vya nyuma na viazi kwenye buti! Mvua ya Kericho ikinyesha, usukani unakuwa mwepesi kwenye kona, dereva anadhani gari limefanyiwa sevisi nzuri. Mizigo mizito ije mbele, upepo wa matairi ya nyuma uongezwe kama kijitabu cha gari kinavyosema kwa mzigo kamili, na taa za mbele zishushwe, la sivyo unampofusha kila dereva wa lori anayepanda.

Mtu ataniambia: mbona boda inabeba boda nyingine mgongoni na inafika? Inafika ikifika. Na mwingine: si nikodi pikapu tu? Ndiyo, kodi! Nani amekukataza? Pikapu inaweka uzito karibu na ekseli. Keria ni ya yule asiye na pikapu na ana gari lenye uwezo wa kubeba. Na usinunue kirefushio cha shina ili pikipiki ikae mbali na buti. Wanaoviuza wenyewe husema vinapunguza uwezo wa soketi kwa nusu.

Mikanda sasa, haraka. Minne ya racheti, ya polyester. Nailoni inavutika, hasa ikilowa. Kamba ya manila na mpira wa tyubu ni vya kufungia majani ya ng'ombe. Kwenye lebo kuna namba mbili: ya kukatika na ya kazi, na ya kazi huwa theluthi ya ile kubwa. Hesabu kwa ndogo. Miwili ya mbele ishike lile bano la chini ya usukani linalobana shoki za mbele, si ncha za usukani, ishuke kwa mshazari pande mbili. Kaza hadi shoki zizame kama nusu. Ukizizamisha hadi mwisho, sili za mafuta zitaanza kuvuja. Miwili ya nyuma ishike fremu, na mkanda mfupi ufunge tairi la nyuma kwenye reli. Stendi ikunjwe, koki ya petroli ifungwe. Simama baada ya kilomita 10 ukaze tena.

Angalia bomba la moshi la gari linapuliza wapi. Likipuliza kwenye mkanda, mkanda unayeyuka kimyakimya. Pindisha mdomo wa bomba au weka bamba la kukinga.

Boxer ina urefu wa mita mbili hivi, na magari mengi madogo hayafiki mita 1.8 kwa upana. Inachomoza pande zote, kwa hiyo funga kitambaa chekundu na viakisi kila upande, na ukumbuke waenda kwa miguu. Namba ya gari na taa za nyuma zionekane. Zikifunikwa, weka ubao wenye taa na namba nyuma ya pikipiki. Kupakia, pandisha kutoka upande wa kushoto wa gari, mbali na magari yanayopita, watu wawili, mmoja mkono kwenye breki ya mbele. Ya sheria na bima nilitaka kuyafikia, lakini naonyeshwa saa.

Ndugu wa BMW R 1200 GS pale nyuma, nimekuona umeinua mkono tangu nianze. Hiyo inapita kilo 220, na ni pana, kwa hiyo katikati yake inasogea hadi sentimita 60 au zaidi. Ukiongeza keria, ile hesabu yetu ya kilo mara mita inafika kama 155, mara mbili ya ile 77.5 ya Boxer. Jibu ni trela. Swali linalofuata.