Mondadori na kibanda cha magazeti

Haya jamani, wa nyuma mnanipata? Sawa. Mambo ya hisa tutayafikia, tuanze na rangi kwanza. Ukimsikia Muitaliano anasema giallo, yaani njano, mara nyingi wala haongelei rangi, anaongelea riwaya ya upelelezi, au kesi ya mauaji ambayo polisi imewashinda. Neno hilo limetoka kwenye makava ya Mondadori tu, kampuni ya kuchapisha vitabu na majarida ya Italia, 1929 walianza kutoa riwaya za upelelezi kwa kava la njano, zikauzika hadi rangi ikawa ndo jina la hadithi zote za aina hiyo, hata za washindani wao. 1941 serikali ya Mussolini ikazipiga stop, vita ilipoisha zikarudi, na njano yake ileile.

Mwanzilishi mwenyewe, Arnoldo Mondadori, alizaliwa 1889, shule akaishia ya msingi, na 1907 akiwa bado kijana yuko Ostiglia, kamji kando ya mto Po, kwenye kikarakana cha uchapaji anachapa kigazeti cha kisoshalisti. Watu walimbandika jina la mcheza nyoka, maana akifungua mdomo hata mwandishi aliyegoma anasaini. (Usoshalisti wenyewe haukudumu, enzi za ufashisti alichapa hadi vitabu vya shule vya serikali. Biashara bwana.)

Sasa hapa ndo penyewe. 1965 wakatoa Oscar, riwaya za kava laini, moja kila wiki, lire 350, na wakaziweka kwenye vibanda vya magazeti! Ya kwanza ilikuwa ya Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, wiki moja tu zikaondoka nakala zaidi ya laki 2. Fikiria mtu hajawahi kukanyaga duka la vitabu, pale anaogopa hata kuuliza bei, ila kibandani anapita kila asubuhi kuchukua gazeti na sigara, anamuona Hemingway kalala pembeni ya magazeti ya mpira, chenji anayo mkononi, anabeba. Na Mondadori magari ya kusambaza walishakuwa nayo, maana majarida yao, na Topolino, yaani Mickey Mouse, yalishakuwa yanakwenda kwenye vibanda hivyohivyo.

Arnoldo akafariki 1971. 1975 kampuni ikahamia Segrate nje ya Milano, jengo kachora Mbrazili Oscar Niemeyer, linasimama kwenye bwawa na matao yake hayalingani, moja pana, linalofuata jembamba, mi ukiniuliza ndo ofisi nzuri kuliko zote nilizoziona pichani.

Baada ya hapo ni ugomvi. Warithi wa familia, upande wa Formenton, walikubaliana kumuuzia hisa zao mfanyabiashara De Benedetti, halafu 1989 wakageuka wakaenda kwa Berlusconi, tajiri wa televisheni aliyekuja kuwa waziri mkuu. Wasuluhishi 1990 wakampa haki De Benedetti, Januari 1991 mahakama ya rufaa Roma ikafuta uamuzi huo, pande mbili zikakaa zikagawana: De Benedetti akachukua gazeti la la Repubblica na jarida la L'Espresso, Berlusconi akabaki na Mondadori yenyewe. Miaka ikapita, 2007 ikathibitishwa mahakamani kwamba mmoja wa majaji wa ile rufaa alikula mlungula! Jaji na mawakili wa upande wa Berlusconi wakatiwa hatiani, Berlusconi mwenyewe shtaka lake lilishapitwa na muda, ila 2013 kampuni yake ya Fininvest ikaamriwa kwa hukumu ya mwisho kuilipa kampuni ya De Benedetti fidia ya zaidi ya yuro milioni 490.

Mondadori ikabaki kwa familia ya Berlusconi, binti yake Marina ni mwenyekiti tangu 2003. 2016 wakanunua kitengo cha vitabu cha Rizzoli, mpinzani wao wa miaka yote, kwa yuro milioni 127.5, wasimamizi wa ushindani wakasema hapana, mmekuwa wakubwa mno, uzeni Bompiani na Marsilio, wachapishaji wawili waliokuja na Rizzoli. Wakauza. Na Panorama, jarida lao wenyewe la tangu 1962, nalo wakaliuza 2018.

Haya, nani ana swali? Wewe dada wa shati la njano, anza.